Mzee Sumu Anasubiri Nje

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi cha mdogo kimeshakwenda zake. Sisi huku miili ni mizima. Habari za akili ndizo zilizonikalisha kitako kuandika, kwa hiyo jiandae.

Kwanza najua umeshtuka. Umefungua mlango ukamkuta Baba mwenyewe ameshika bahasha, Baba ambaye tangu uolewe hajafika kwako hata siku moja, anayedai basi likishapita kituo cha soko tumbo linamgeuka. Amekupa barua, amekataa kuingia, na amesema atasubiri nje mpaka umalize kusoma. Tafadhali mwache. Ndivyo alivyotaka mwenyewe, nimegombana naye hadi sauti imenikauka na sikumweza. Mtolee kiti na maji ya kunywa, kisha urudi ndani. Usimchungulie dirishani. Wala usirukie ukurasa wa mwisho, maana nakujua. Hakuna aliyekufa.

Na kama nakufahamu, uliporudi ndani umeufunga huo mlango kwa ufunguo na kwa komeo, umekishika kitasa, umekaa, umeinuka ukakishika tena. Mlinzi wetu! Tumekucheka kwa hilo tangu tukiwa wadogo. Hadi leo watu huku wanasimulia jinsi ulivyochelewa harusi yako mwenyewe, bibi harusi mzima na shela kichwani, umeligeuza gari katikati ya njia ukaangalie kama lango la kwa Baba limefungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote. Naomba ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Sasa habari yenyewe. Baba ameacha kuua.

Cheka tu. Mimi nami siku ya kwanza nilicheka. Baba yetu, Mzee Sumu, ambaye jina hilo limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa gari pamoja na picha ya panya aliyelala chali! Baba aliyetusomesha kwa mende na kutuvisha kwa kunguni, akaniita mimi Kiroboto kabla sijaacha kunyonya! Ameifunga stoo ya dawa. Mabomba ya kupulizia ameyaosha na kuyaning'iniza ukutani kama nguo za marehemu. Jikoni kuna panya anayemwita “mpangaji”, na anamwachia vipande vya mkate. Juzi alinasa mwingine kwa mtego wa waya, mzima, akamtia kwenye boksi na kupanda naye basi kwenda kumwachia porini. Kondakta akauliza ndani ya boksi mna nini. Baba akasema mna panya. Dada, siku hizi akiulizwa kitu anajibu. Niliambiwa abiria waliteremka wote kituo kilichofuata, hata wale ambao hawakuwa wakienda huko.

Nilidhani akili zimemruka. Shangazi alidhani amerogwa. Ngoja nikueleze ilivyoanza, maana mwenyewe nilikuwepo.

Tuliitwa kazi ya mchwa. Ni nyumba ya zamani nyuma ya karakana za magari, na wapangaji wake ni watu wa dini ya Buddha. Msimamizi wa nyumba ndiye aliyetupigia simu, tena bila kuwauliza. Tulipanda darini mimi na Baba, akachoma boriti moja kwa bisibisi, ikazama kama kwenye mkate uliolowa. Akachoma ya pili, hali ile ile. Chini ya boriti hizo ndipo watu wanapokaa kwenye mito siku ya mkutano wao, kimya, macho yamefumbwa. Baba akaniambia paa lile linashikiliwa na mazoea tu.

Tuliposhuka tukawakuta wenyewe watatu wametusubiri. Mmoja ni mzee mwembamba, vazi lake la rangi ya manjano iliyochujuka, bega moja wazi. Wa pili ni mama mmoja wa makamo aliyevaa kijivu, kichwa kimenyolewa hadi kinang'aa. Wa tatu ni bwana mnene mwenye kicheko, vazi lake la rangi ya damu ya mzee. Unanijua sina breki mdomoni. Nikawauliza kama ni timu tatu, mbona jezi hazifanani.

Hawakukasirika hata kidogo. Walinieleza kwamba mwalimu wao ni mmoja, yule Buddha, mtoto wa mfalme wa zamani za kale aliyeacha jumba lake baada ya kuona uzee, ugonjwa na maiti, akaenda kutafuta dawa ya mateso ya binadamu. Ila wafuasi wake wamekuwa na matawi. Mzee wa manjano ni wa Theravada, njia ya wazee, wanaoshika maneno ya mwanzo na kusema kila mtu ausafishe moyo wake mwenyewe, hakuna wa kukusafishia. Mama wa kijivu ni wa Mahayana, wanaojiita chombo kikubwa, na kwao anayekaribia kuvuka anageuka nyuma kuwasaidia waliobaki mpaka wote wavuke. Bwana wa damu ya mzee ni wa Vajrayana, tawi lililochipuka ndani ya hilo la pili. Wao wana nyimbo zao takatifu, michoro, na mwalimu anayemshika mwanafunzi mkono kwa karibu sana. Nikauliza kama huwa wanagombana. Wakasema jikoni tu, maana mzee hali kitu baada ya saa sita mchana na yule mnene hupika jioni vitu vyenye harufu tamu.

Hapo Baba akauliza swali la kazi, kwamba mchwa wale wawafanye nini.

Dada, ungewaona! Paa linataka kuwaangukia na bado wanaangalia chini kama watoto waliovunja sahani! Mzee akasema kwa upole kwamba katika mambo matano wanayoshika wafuasi wao wote, la kwanza ni kutoua chenye uhai. Mengine ni kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutokunywa vileo. Yeye kama mtawa hawezi kuua, hawezi kuagiza kuua, wala kukonyeza kwamba angefurahi kikiuawa. Akauliza kama mchwa wanaweza kuombwa waondoke. Baba akasema katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kutumwa kuzungumza na mchwa.

Yule mnene akasema yeye angewasomea dua wapate maisha mema zaidi wakizaliwa tena, maana kwao kufa si mwisho, mtu au mdudu hurudi kadiri ya matendo yake. Hilo la kuzaliwa tena lilinitoa jasho. Nilianza kufikiria wote niliowapulizia dawa, tena wengine nilikuwa naimba. Mama wa kijivu akasema la kutazamwa ni nia. Kama paa litawaangukia watu, yeye angekubali kulibeba kosa hilo mwenyewe ili wengine wapone. Mzee akamjibu kwamba hakuna anayebebewa. Wakaendelea hivyo, kwa adabu, wanainamiana vichwa huku wanapingana, na mimi nimesimama na bomba mgongoni kama mjinga.

Ndipo Baba akafanya ukarimu wake. Unajua moyo wake, hapendi kuona watu wanateseka na jambo dogo. Akawaambia watoke nje wakapunge upepo. Yeye si mtu wa dini yao, hawakumwita wao, na hawatamwambia neno. Wakirudi watakuta mchwa hawapo na mikono yao ni safi. Alidhani amewamalizia kazi.

Mzee akasema kutoka nje huku unajua ni sawa na kuagiza. Lakini yule mama alimgeukia Baba, akamuuliza kwamba yeye anataka kuwabebea wao, je, yeye mwenyewe nani anambebea?

Swali hilo tu. Mimi nilitaka kucheka. Nikamwona Baba amebadilika rangi. Alivua bomba taratibu, akaliweka sakafuni, akakaa juu ya mto mmojawapo na buti zake za kazi. Nilifikiri ni presha. Nikamletea maji, akayashika tu.

Tulikaa pale mpaka jua likapinda. Baba aliwauliza na wao wakamjibu. Walimwambia mwalimu wao aliona mambo manne: kwamba maisha yana mateso, kwamba mateso yanatokana na tamaa na kung'ang'ania vitu ambavyo havikai, kwamba yanaweza kukoma, na kwamba iko njia ya kuyakomesha. Njia ina sehemu nane, na mimi nilizichanganya zote, ila nakumbuka kauli njema, matendo mema, utulivu wa akili, na riziki njema. Kwenye riziki yule mzee alisita. Baba akamwambia aseme tu. Akasema kuna biashara ambazo mfuasi hushauriwa aziepuke: silaha, kuuza watu, nyama, vileo. Na sumu.

Baba akamwomba airudie ya mwisho. Akairudia.

Kazi ya mchwa aliifanya, usidhani aliwatelekeza. Aliifanya kwa mikono yake. Alizitoa boriti mbovu, akachimba ukutani mpaka akakifikia kichuguu, akamtoa malkia wao mnene kama kidole gumba pamoja na udongo wake, akampakia kwenye ndoo na kwenda kummwaga porini kama mgeni rasmi. Boriti mpya akazikalisha juu ya bati ili zisigusane na ukuta wenye unyevu. Nilimshikia ngazi huku naapa kwamba nikitoka pale nakupigia simu. Sikupiga, kwa sababu ningesema nini? Kwamba Baba amempa mchwa lifti?

Basi, maajabu hayaji peke yake. Mwenye kinu cha unga, mteja wetu mkubwa, alikuja nyumbani kuagiza dawa ya panya kama kawaida ya kila msimu. Baba akamwambia hatamuuzia. Halafu, Mungu wangu, akamwambia na sababu ambayo hakuulizwa. Panya wa kinu wanaingia kwa mlango wa nyuma uliooza chini, na unga unaomwagika haufagiliwi. Mlango ukitengenezwa na pakafagiliwa panya watajiondokea, na yeye Baba amelijua hilo siku zote, akanyamaza kwa sababu panya wakiisha na biashara inaisha. Mwenye kinu aliondoka bila kuaga. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Mteja aliyetulisha maisha yetu yote ametoka mlangoni kwa miguu yake, na aliyemfukuza ni ukweli!

Nikamwita Shangazi. Alikuja mbio na kanga imekaa upande. Alimlilia kaka yake kwamba katika umri huu anaacha dini aliyozaliwa nayo na kwenda kusujudia sanamu. Baba akamjibu kwamba hakuna aliyemtaka abadilishe dini, na hajabadilisha. Wale wenyewe wanasema lile sanamu ni la kuwakumbusha mwalimu wao, na mwalimu alikuwa mtu, si Mungu. Yeye ameweka sumu chini, basi. Shangazi akafuta machozi, akafikiri, akauliza swali la maana kuliko yote niliyosikia: na mbu je? Baba akasema analala ndani ya chandarua. Shangazi akasema mbu akimkuta nje ya chandarua tutaona dini ya nani ina nguvu.

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Nilikuwa na hasira, dada. Kazi ile ndiyo ninayoijua. Nilimfuata Baba uani alikokuwa anasafisha mitego, nikamwambia yote yaliyonijaa. Kwamba swali moja la mwanamke asiyemjua limemfanya atutupe sisi wanawe. Nikamuuliza lile swali lilikuwa na nini hasa.

Sasa soma polepole.

Akasema lilimuuma kwa sababu jibu alikuwa nalo. Yuko mtu anayembebea. Ni wewe.

Unamkumbuka mbwa wako, yule mwenye sikio moja lililolala, uliyemleta nyumbani ndani ya mkoba wa shule? Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka manyoya yake tu na kilio chako. Sote tunajua kilichotokea. Jioni ulitumwa sabuni, ukarudi mwisho kuliko wote, ukaacha lango wazi, mbwa akatoka akagongwa na lori. Ndivyo tulivyoambiwa. Ndivyo ulivyojua wewe.

Hakuna lori, dada. Hakujawahi kuwa na lori.

Baba alikuwa ameweka sumu katika stoo yetu wenyewe. Panya aliyekula akatoka akiyumbayumba hadi uani, mbwa akamla. Alfajiri Baba alimkuta chini ya tangi la maji, amekauka. Aliogopa. Aliogopa majirani watasema Mzee Sumu ameua kwake mwenyewe, nani atamwamini ndani ya nyumba yake. Zaidi ya hapo aliogopa macho yako, mama akiwa ameshatutoka na wewe ukilala na yule mbwa miguuni. Akamtia kwenye gunia akaenda kumzika mbali. Aliporudi umeshaamka, unamwita mbwa huku na huku. Ile ya lori ikamtoka mdomoni. Halafu, anasema, bila kupanga, akauliza ni nani aliyeacha lango wazi.

Aliuliza tu ili uongo ukae vizuri. Hakudhani mtu ataitikia. Ukaitikia wewe. Ukasema, “Ni mimi, Baba, nimesahau,” na ukaanza kulia. Na yeye akakuacha useme.

Nilipigwa na butwaa hadi sasa sijatoka. Nilimwangalia mtu aliyenilea nikamwona mgeni. Akaniambia amekutazama miaka yote ukishika vitasa. Alisikia tunavyokucheka na yeye alikuwa akitabasamu pamoja nasi. Alikuona unaligeuza gari la harusi. Anajua watoto wako wanalilia mbwa na wewe huwaelezi kwa nini hapana. Alimwendea yule mzee wa manjano kumuuliza kama uongo wa zamani bado ni uongo, akitumaini ataambiwa umeshapita kama kila kitu kinavyopita. Mzee akamuuliza tu kama kuna mtu ambaye bado anaishi ndani ya uongo huo.

Kwa hiyo amekuja. Ameniomba niandike mimi kwanza kwa sababu anayaogopa macho yako. Yalimfanya adanganye mara ya kwanza, na akiyaona tena atapunguza maneno. Nimeandika kila kitu kama alivyosema, amesikiliza nikimsomea, na hakuniomba nifute hata mstari mmoja. Anataka kukuambia mwenyewe pia, kwa kinywa chake, kama utataka. Usipotaka, amesema atajua kwa kimya, ataacha kiti mahali pake na kurudi stendi. Sikwambii umsamehe. Mimi mwenyewe sijui kama nimemsamehe. Nimempikia chakula cha njiani, basi.

Lakini hili nilishike mimi mkononi nikupe. Nilimuuliza kuhusu lango. Akasema asubuhi ile lilikuwa limefungwa, komeo limesukumwa hadi mwisho, tena lilimpa kazi kwa jinsi lilivyobanwa. Lango ulilifunga, dada. Baba ndiye aliyelifungua, apate kutoka na gunia.

Nisalimie shemeji, umwambie nimemkumbuka na utani wake. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu sana na anauliza kama huko kwenu kuna mbu. Mpangaji naye hajambo, ameanza kunenepa. Uniombee nipate kazi nyingine, maana ile ninayoijua sasa imening'inia ukutani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kiroboto
(ambaye katika nyumba hii sasa hakuna wa kumuua)

Sasa unaweza kuchungulia dirishani.